Hita Iliyopelekwa Bodi

Mpaka leo nikimsikia fundi anasema "peleka bodi," damu hunichemka. Katwe, mtaa wa mafundi hapa Kampala, ndiko nilikojifunza maneno hayo, na Katwe ndiko nilikoyachukia. Amplifaya inavuma, peleka bodi. Redio inakwaruza, peleka bodi. Waya umekuzidi akili, hujui unatoka wapi wala unakwenda wapi, uchomelee kwa risasi kwenye bati la kifaa, ndiyo bodi yenyewe, kunywa chai, mpigie mwenye mali aje achukue. Mara tisa kati ya kumi mambo hunyooka, na hiyo ndiyo balaa yenyewe, maana mtu akishapatia mara tisa huwezi tena kumwambia kitu.

Mimi ni Mkenya, ni mwanamke, na ni fundi wa amplifaya za valvu, zile taa za kioo za redio za zamani. Ukivitaja vitu hivyo vitatu kwa pamoja pale Katwe, watu hucheka kabla hujamaliza. Nilikuja Kampala kumfuata mume. Mume akaenda zake, mimi nikabaki na chumba Luzira na meza ya kazi nyuma ya mabanda ya wakunja mabati. Jirani mmoja hunikunjia maboksi ya chuma, mwingine hunisukia transfoma kwa mkono, na mimi hukaa katikati yao nikiunganisha. Wateja wangu wengi ni makanisa na wapiga gitaa, watu wenye kelele lakini wenye shukrani. Kazi ninayoisimulia hapa haikuwa ya kanisa wala ya gitaa. Ilikuwa ya mzee mmoja wa Mbuya, na kila nikiikumbuka sijui nianze kumkasirikia nani.

Mzee huyo alikuwa Mnubi, askari mstaafu, na kila mtu alimwita Hajji. Aliyenijia Katwe hakuwa yeye bali mkwewe, mume wa bintiye, muuza vipuri vya pikipiki mwenye simu mbili ambazo zote huita kwa pamoja. Aliweka juu ya meza yangu mkebe wa majani ya chai. Ndani yake mlikuwa na valvu mbili za zamani za jeshi, zimeviringishwa kwa pamba kama mayai.

"Mzee anataka amplifaya ya hii mataa yake," akasema. "Usiniulize sababu. Masikio yenyewe imekwisha, lakini yeye anataka muziki tu!"

Akacheka, nami nikacheka kidogo, kwa adabu ya biashara. Kisha akanieleza. Sikio la kulia la Hajji lilikuwa limekufa mwaka uliopita. La kushoto lilikuwa linafuata, na daktari alikuwa amesema hakuna ajuaye litafunga lini. Huenda miaka miwili, huenda mwezi. Kile kidude cha kuvaa sikioni alikuwa amekitupa kwa sababu kilimpigia filimbi. Alikuwa na santuri zake za dansi za ujanani, na alitaka azisikie vizuri, kwa sauti nene ya valvu, kabla mlango haujafungwa. Basi ni hayo tu. Nilijua tangu siku ile kwamba nafanya kazi ya haraka na kwamba kila wiki ina maana.

Sikumuuliza mkwe mzee alizipata wapi valvu zile. Niliona ni vitu vya askari, na askari hurudi nyumbani na vitu.

Nilizipima, zikawa nzima kabisa. Hapa lazima nieleze jambo moja la kiufundi, nalo ni dogo. Ndani ya kioo cha valvu mna kibomba kidogo cha chuma kiitwacho kathodi. Ndani ya kibomba hicho hupita uzi unaowaka mwekundu ili kukipasha moto, nao ndio hita. Uzi na kibomba havitakiwi kugusana, kwa hiyo kiwanda huupaka uzi kitu cheupe mfano wa chokaa, tabaka jembamba kama ganda la kitunguu. Ukuta ni huo tu, hakuna mwingine. Karatasi ya kiwanda cha valvu zile inasema wazi: tofauti ya volti kati ya hita na kathodi isipite tisini. Si mia, wala si "tujaribu tuone." Tisini.

Kila valvu ya Hajji ilikuwa na nusu mbili ndani ya kioo kimoja, na katika saketi niliyoichagua nusu hizo hupangwa kama ghorofa, moja juu ya nyingine. Kathodi ya chini hukaa karibu na sifuri. Kathodi ya juu hukaa kwenye volti mia na arobaini. Hita ni moja kwa zote mbili. Ukiiacha hita kwenye sifuri, yaani ukiipeleka bodi, ya chini inastarehe, lakini ya juu inabeba mia na arobaini kwenye ukuta wa tisini. Dawa yake ni rahisi: unaiinua hita yote kwa volti sabini, ikae katikati. Ya chini inaona sabini, ya juu inaona sabini, na ukuta unapumua. Hita yenyewe bado inakula volti zake sita na kitu kati ya ncha moja na nyingine. Ni kama kumpandisha mtu jukwaani. Urefu wake haujabadilika.

Nilifanya hivyo. Niliinua hita kwa rizista mbili na kapasita moja, nikafunga kila kitu vizuri, nikapanda boda na boksi langu mapajani hadi Mbuya.

Sasa, Kampala kuna desturi moja. Mtu hapokei kitu kutoka kwa fundi bila kuleta fundi mwingine akikague. Kwa gari kuukuu sina ubishi, hata mimi ningefanya hivyo. Lakini fundi wa kukagua huitwa, hulipiwa boda, huandaliwa chai na mandazi, na akisema "kazi ni nzuri," chai yote hiyo ameinywa bure. Lazima apate kosa. Nimewaona wakikagua redio nzima kabisa na kupata kosa kwenye rangi ya waya. Nilipoingia sebuleni kwa Hajji na kumkuta mwanamume wa makamo amekaa karibu na sahani ya mandazi, mita ya manjano ikining'inia shingoni, nilijua nimekwisha.

Hajji mwenyewe alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, kanzu safi, kofia, mikono juu ya magoti. Alinisalimia, nikaitikia kwa kuinama. Nilitabasamu sana. Mtu asiyesikia tunamtabasamia kupita kiasi, kana kwamba meno yanasikika.

Mkaguzi aligeuza boksi langu juu chini, akafungua bati la chini, akachungulia kwa muda mrefu huku akiguna.

"Nyabo," akaniita bibi kwa Kiganda, "hita ni volti ngapi?"

"Sita nukta tatu."

"Kweri?" Akaweka ncha moja ya mita kwenye hita na nyingine kwenye bati. "Mbona hapa nasoma sabini?"

"Nimeiweka makusudi. Hita imeinuliwa."

"Nani anainua hita?" Hakuniuliza mimi, alimgeukia mkwe. "Bosi, hii transfoma ni ya kusuka Katwe. Moto inavuja huko ndani. Hii ni hatali. Mutu atagusa, atakufa."

Kilichoniuma ni kwamba maneno yake hayakuwa ya kipumbavu kabisa. Transfoma za kusuka Katwe huvuja kweli, nyingine. Wapo wanaoweka karatasi ya gazeti kati ya waya na waya, na ukipima hita zao utakuta volti zisizo na baba wala mama. Mtu aliyekulia kwenye transfoma hizo akiona sabini mahali pa sita, kichwa chake kinakwenda huko moja kwa moja. Lakini mimi nilikuwa nimesimama pale na kinywa changu, nikimwambia sababu, naye alikuwa anazungumza na mwanamume mwenzake kuhusu kazi yangu kana kwamba mimi ndiye niliyeleta mandazi.

Nikatoa simu, nikafungua karatasi ya kiwanda, nikamwonyesha mstari wenyewe. Hakuinama kuusoma.

"Hiyo ni ya mtandao," akasema. "Mtandao inasema vitu mingi."

"Basi pima transfoma. Itoe kwenye saketi, pima. Utaona haivuji."

"Mimi nimefanya kazi hii tangu wewe uko sukuru, nyabo. Hita inaenda bodi. Kira siku inaenda bodi."

Mkwe alikuwa amekata simu moja na kushika nyingine. "Mama, sisi tunataka kitu safi," akaniambia. "Fundi amesema peleka bodi, peleka bodi, tumalize."

"Valvu zikifa?"

"Zikifa si ni kazi yako imekufa?"

Hapo sauti zetu zilikuwa zimepanda sote watatu. Hajji akainua uso. Alimtazama mkwewe, akanitazama mimi.

"Nini?" akauliza. "Wanasema nini?"

Mkwe akampiga goti polepole kwa kiganja. "Hakuna kitu, Hajji. Tunatengeneza tu!" Na mimi, mwenye hasira zangu zote za kudharauliwa, mimi niliyekuwa nalalamika moyoni kwamba hakuna anayenisikiliza, niligeuka nikamtabasamia na kutikisa kichwa. Hakuna kitu, Hajji. Kumweleza kungetaka niiname sikioni, nipaze sauti, nirudie mara tatu, mbele ya wale wawili. Na ningemweleza nini? Mambo ya kathodi, kwa mzee? Asiyejua maana haambiwi maana, nilijisemea, na nikajiona nina busara.

Nikawasha chuma cha kuchomea. Nikang'oa rizista zangu mbili na kapasita, nikachukua waya wa hita, nikaupeleka bodi. Kwa mikono yangu mwenyewe. Ningeweza kubeba boksi langu na kuondoka. Ningeweza kusema waje na fundi wa tatu. Sitajificha nyuma ya umaskini wala ugeni. Nilikuwa na nauli ya kurudi na nilikuwa na kazi nyingine mezani. Nilifanya kwa sababu nilichoka kuonekana mjinga, na kwa sababu moja mbaya zaidi. Nilipokuwa nagandisha risasi, nilisema moyoni: zife, ndipo mtajua mimi ni nani. Nilitaka zife. Nilitaka siku ile ya kupigiwa simu.

Tukaweka santuri. Ikaimba, na iliimba vizuri, siwezi kukataa. Besi ilitembea sakafuni, gitaa likaja laini, na Hajji akageuza sikio la kushoto kuelekea spika, akafumba macho. Vidole vyake vikaanza kucheza juu ya goti. Mkaguzi akachukua andazi la mwisho.

"Unaona?" akaniambia. "Inaimba."

Kwa wiki mbili na siku kadhaa sikukanyaga Mbuya. Nilikuwa nimenuna. Bintiye Hajji alinipigia mara moja kunishukuru, akaniambia mzee hukaa mbele ya spika tangu baada ya adhuhuri mpaka magharibi, kwamba amerudia santuri moja mara nne na anaimba. Nikajibu "karibuni" kwa sauti baridi. Mtu anakupigia kukueleza furaha ya baba yake, nawe unanuna kwa sababu furaha hiyo inamthibitisha fundi mwenye mita ya manjano. Nikifikiria hilo najisikia vibaya.

Kisha mkwe akapiga. Amplifaya imeanza kuvuma, akasema, halafu ikapasuka sauti kama mafuta ya moto, halafu upande mmoja ukanyamaza, na jana upande wa pili. Na je, sikuambiwa kwamba transfoma yangu ni mbovu? Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika. Nilifunga meza asubuhi ileile, nikaenda Mbuya na hasira yangu imenyooka kama mshale. Niliwaza njia nzima jinsi nitakavyomwita yule mkaguzi na kumpimia ukuta uliopasuka, mbele ya watu.

Hakukuwa na mtu wa kupimiwa. Mkwe alikuwa dukani, bintiye jikoni. Hajji alikuwa peke yake, amezitoa valvu mwenyewe, amezilaza kwenye leso juu ya meza. Nilizipima mbele yake. Zote mbili, kati ya hita na kathodi ya juu, palikuwa wazi kama mlango, umeme unapita. Chokaa ilikuwa imetoboka.

Nikainama kwenye sikio lake la kushoto nikasema kwa nguvu, "Zimekufa, Hajji. Pole sana."

Akaichukua valvu moja, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha. "Kathodi ya juu ilikaa ngapi?" akauliza.

Nilimtazama, nikainama tena sikioni. "Mia na arobaini."

"Na hita?"

"Sifuri."

"Mia na arobaini, kwa valvu ya tisini." Akatikisa kichwa. "Binti, hukuinua hita? Sisi tulikuwa tunainua. Ilikuwa kitu ya kwanza tunafundishwa."

Nikavuta kiti karibu na sikio lake, nikaketi, naye akanieleza. Hajji alikuwa amekaa miaka ishirini na miwili katika karakana ya redio za jeshi. Alikuwa ametengeneza redio zenye valvu kumi na zaidi, kwenye mahema, kwenye malori, kwa mwanga wa tochi. Zile mbili zilitoka kwenye redio ya mwisho aliyoifungua kabla ya redio zote za valvu kubadilishwa. Katika sebule ile siku ya ukaguzi tulikuwa watu wanne, na mtu pekee ambaye angeweza kumaliza ubishi kwa sentensi moja alikuwa amekaa dirishani, mikono magotini, akiuliza wanasema nini.

"Niliinua," nikamwambia. "Sabini. Wakaniambia nishushe. Nikashusha."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Ningependa angenifokea. "Siku ile nilikuuliza," akasema. "Wewe umenichekea tu, kama mimi ni mtoto."

"Nilidhani hutanisikia, Hajji."

"Siku ile ningesikia."

Niliagiza valvu nyingine ng'ambo jioni ileile. Zilichukua wiki saba, mbili kati ya hizo zikiwa zimekaa Entebbe kwa sababu karani mmoja hakuamini kwamba kitu cha kioo chenye pini nane chini si kifaa cha hospitali. Nilikwenda kumfokea mwenyewe. Nilifokea watu wengi katika wiki hizo. Nilimfokea mkwe mpaka akazima simu zote mbili. Yule mkaguzi nilimkuta Katwe akinunua risasi, nikamweleza habari ya hita mbele ya wakunja mabati, polepole, neno kwa neno. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kale, nyabo, kumbe," kale ya Kiganda, yaani haya, akaenda zake. Sikupata raha yoyote. Nilikuwa nimeingojea siku hiyo na ilipofika haikuwa na ladha.

Siku valvu zilipofika nilikwenda Mbuya baada ya alasiri. Nilirudisha rizista zangu na kapasita yangu. Nikapima: hita sabini, kathodi ya juu mia na arobaini. Hakuna aliyeitwa kukagua. Nilimwonyesha Hajji kioo cha mita mwenyewe, naye akakisoma kwa makini, akaitikia kwa kichwa, akaketi, akasogeza kiti mpaka bega lake likawa linagusa spika.

Nikaweka santuri anayoipenda. Besi ikatembea sakafuni, gitaa likaja. Nikaongeza sauti. Bintiye jikoni akaanza kuufuatiza wimbo, vikombe vikalia kabatini, na mtoto wa jirani akaja kusimama mlangoni kuangalia. Nikaongeza tena, mpaka kioo cha dirisha kikatetemeka. Hajji alikuwa amefumba macho, sikio la kushoto liko palepale. Vidole vyake vilikuwa vimetulia juu ya goti. Alisubiri kwa subira, kama mtu mwenye adabu nyumbani kwa watu, kisha akafumbua macho akanigeukia.

"Binti," akasema, "umeshawasha?"